Mafunzo Kazini, Matarajio ya Mshahara na Ari ya Kazi: Uhusiano Wake ni Upi?

Kila mwaka wafanyakazi wengi nchini Uganda na katika nchi jirani hurejea darasani. Mwalimu mwenye cheti hujiandikisha kwa masomo ya wakati wa likizo ya shule ili apate stashahada au shahada. Muuguzi huomba ruhusa ya kwenda chuoni kuongeza daraja. Fundi wa karakana hutafuta cheti cha kazi ambayo ameifanya kwa mikono yake miaka kumi. Wengine hulipiwa na mwajiri, wengine hukopa, wengine huuza mifugo au kipande cha shamba. Wanaporudi kazini na karatasi mpya mkononi, wengi wao huwa na swali moja: je, mshahara utabadilika?

Swali hilo linagusa mambo matatu ambayo mara nyingi hujadiliwa kana kwamba hayahusiani, yaani mafunzo, malipo na ari ya kazi. Waajiri wengi hudhani kwamba kumpeleka mtu mafunzoni ni zawadi itakayomwongezea bidii. Uzoefu wa eneo letu na uchunguzi wa wataalamu wa uchumi na saikolojia ya kazi huonyesha jambo tofauti kidogo. Mafunzo kwanza huongeza matarajio, na ari ya kazi hupanda au huporomoka kulingana na namna matarajio hayo yanavyopokewa. Makala haya yanaeleza jinsi uhusiano huo unavyofanya kazi, kwa mifano ya Uganda, Rwanda, Kenya, Tanzania na Indonesia.

Neno «motisha» na maana zake mbili

Katika Kiswahili cha ofisini, neno «motisha» hubeba maana mbili. Maana ya kwanza ni msukumo wa ndani unaomfanya mtu afanye kazi kwa moyo. Maana ya pili ni kitu kinachotolewa ili kuuamsha msukumo huo, kama vile nyongeza ya mshahara, posho, nyumba ya kuishi, cheti cha pongezi au safari ya masomo. Mkurugenzi anaposema kwamba idara yake imetoa motisha kwa watumishi, anazungumzia maana ya pili. Mtumishi anaposema kwamba hana motisha, anazungumzia ya kwanza. Watu hawa wawili wanaweza kukaa kwenye kikao kimoja, wakatumia neno moja, na wasielewane.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno «ari» kwa msukumo wa ndani na neno «malipo» kwa fedha na marupurupu. Mafunzo yako katikati. Yanaweza kuwa sehemu ya malipo, yanaweza kuamsha ari, na yanaweza pia kuwa chanzo cha manung'uniko.

Aina mbili za mafunzo na swali la nani alipe

Mwaka 1964 mwanauchumi wa Marekani Gary Becker, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 1992, alichapisha kitabu kuhusu elimu na mafunzo kama rasilimali inayowekezwa ndani ya mtu. Alitofautisha aina mbili za mafunzo. Mafunzo ya jumla humpa mfanyakazi ujuzi unaohitajika popote, kwa mfano kuendesha gari, kutunza hesabu au kufundisha hisabati. Mafunzo mahususi humpa ujuzi unaofaa mahali alipo tu, kwa mfano kuendesha mtambo ambao kiwanda kimoja peke yake kinao.

Tofauti hii ina matokeo makubwa kwa mshahara. Aliyepata ujuzi wa jumla anaweza kuhama, hivyo mwajiri anayetaka abaki hulazimika kumlipa kadiri ya thamani yake mpya sokoni. Kwa hoja ya Becker, mwajiri hatakuwa na hamu ya kugharamia mafunzo ya aina hii, na mfanyakazi ndiye atakayeyagharamia, ama kwa kulipa ada ama kwa kukubali ujira mdogo wakati wa kujifunza. Jambo hili linaonekana wazi katika karakana nyingi za eneo letu, ambako kijana anayejifunza ufundi hufanya kazi kwa ujira mdogo sana, hufanya bila ujira, au hata humlipa fundi anayemfundisha.

Hali halisi si nyoofu hivyo kila mahali. Nchini Ujerumani, makampuni hulipia sehemu kubwa ya gharama za wanagenzi ingawa ujuzi wanaopata unaweza kutumika kwingine. Wanauchumi Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke walieleza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba hilo huwezekana kwa sababu soko la ajira si kamilifu. Mwajiri wa sasa hufahamu uwezo wa mfanyakazi kuliko mwajiri mwingine yeyote, na hivyo huweza kufaidika na ujuzi huo bila kulipa thamani yake yote. Kwa lugha nyepesi, mwajiri hukubali kusomesha pale anapojua kwamba mshahara hautapanda kwa kiasi kilekile ambacho ujuzi umepanda. Hapo ndipo penye mbegu ya mvutano, kwa kuwa faida anayoihesabu mwajiri ndiyo fedha ambayo mfanyakazi anaingojea.

Serikali kadhaa zimejaribu kuugawa mzigo huo kwa njia ya tozo. Nchini Kenya, mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 za nchi hiyo kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Tanzania Bara hutoza waajiri asilimia ya jumla ya mishahara wanayolipa kwa ajili ya maendeleo ya ujuzi, na kiwango hicho kilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Tozo hizi husaidia kupata fedha za mafunzo, lakini hazijibu swali la mfanyakazi kuhusu mshahara atakaorudi kuupokea.

Cheti kinachosafiri na ujuzi unaobaki: uchunguzi wa Uganda

Mfano mmoja uliochunguzwa kwa makini ulifanyika hapa Uganda. Watafiti walioshirikiana na shirika la BRAC waliwafuatilia kwa miaka kadhaa vijana waliokuwa wakitafuta kazi. Baadhi walipewa mafunzo ya ufundi ya miezi sita katika vyuo, na walipomaliza walikuwa na cheti kinachotambulika. Wengine walifundishwa ndani ya biashara ndogondogo, na mwenye biashara alipewa ruzuku ili awafundishe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Makundi yote mawili yalipata ujuzi na kipato kilichozidi cha vijana ambao hawakupewa chochote. Waliofundishwa ndani ya biashara walianza kupata fedha mapema. Hata hivyo, faida yao ilipungua kadiri miaka ilivyopita. Waliotoka vyuoni walichelewa kuanza, lakini faida yao ilidumu. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba ujuzi wenye cheti husafiri. Kijana aliyepoteza kazi aliweza kumwonesha mwajiri mwingine uthibitisho wa anachokijua, na yule aliyefunzwa ndani ya karakana moja alikuwa na neno lake tu.

Uchunguzi uliofuata, kwa vijana haohao, uligusa moja kwa moja suala la matarajio. Vijana waliopata mafunzo ya chuo walikuwa na matumaini makubwa, walitafuta kazi kwa bidii zaidi na walilenga waajiri bora. Baadhi yao waliongezewa huduma ya kuunganishwa na waajiri, lakini ni wachache walioitwa. Wengi walichukulia ukimya wa waajiri kuwa hukumu juu ya uwezo wao. Wakakata tamaa, wakapunguza juhudi ya kutafuta, na wakaishia kwenye kazi duni kuliko wenzao waliokuwa na mafunzo yaleyale lakini hawakupitia huduma hiyo. Mafunzo yalikuwa sawa. Tofauti ililetwa na kile walichoambiwa na soko mara tu baada ya kuhitimu.

Kwa nini mafunzo huzaa matarajio

Wataalamu hutoa maelezo matatu yanayosaidiana. La kwanza ni la Victor Vroom, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1964 alieleza kwamba mtu hujitahidi pale anapoamini mambo matatu kwa pamoja: kwamba juhudi yake itazaa matokeo, kwamba matokeo hayo yataleta malipo, na kwamba malipo hayo ni kitu anachokithamini. Mafunzo huimarisha imani ya kwanza, kwa sababu aliyefunzwa anajiona anaweza. Imani ya pili haimo mikononi mwa mkufunzi. Ikiwa ofisi haina nafasi ya kumpandisha daraja, mnyororo hukatika katikati, na ujuzi mpya haugeuki kuwa bidii mpya.

Maelezo ya pili yanahusu ahadi zisizoandikwa. Mtaalamu Denise Rousseau aliandika tangu mwaka 1989 kuhusu mkataba wa kisaikolojia, yaani yale ambayo mwajiri na mwajiriwa wanaamini kuwa wanadaiana hata kama hayamo kwenye barua ya ajira. Meneja anapomwambia mfanyakazi, «Nenda kasome, mambo yako yatakuwa mazuri,» huenda kwake ni maneno ya kumtia moyo. Kwa anayesikiliza, hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Deni hilo lisipolipwa, mfanyakazi huanza kupunguza upande wake wa mkataba: huja kwa saa na kuondoka kwa saa, hufanya alichoagizwa na si zaidi, na ujuzi wake mpya huuweka akiba kwa mwajiri atakayefuata.

Maelezo ya tatu yanatoka katika muundo wa mishahara yenyewe. Katika utumishi wa umma wa Uganda, ngazi za mishahara huanzia U8 chini hadi U1 juu, na kwa kada nyingi kiwango cha elimu ndicho kinachoamua mtu anaingilia ngazi gani. Mwalimu wa msingi mwenye cheti, mwenye stashahada na mwenye shahada hawalingani. Kwa hiyo mtumishi anayetarajia mshahara mkubwa baada ya kusoma hajajitungia ndoto. Ameisoma jedwali ya serikali na akaielewa.

Tatizo ni kwamba jedwali hupanga malipo ya cheo, na cheo hakimfuati mtu kutoka chuoni. Muuguzi aliyeajiriwa kwa cheti na sasa ana stashahada hubaki kwenye cheo chake cha zamani mpaka nafasi ya juu iwepo katika muundo wa wilaya, bajeti ya mishahara iiruhusu, itangazwe, aombe na ahojiwe na tume ya utumishi ya wilaya. Hatua hizo zinaweza kuchukua miaka. Katika muda huo mara nyingi hupewa majukumu ya cheo kipya kwa sababu anayaweza, huku akilipwa kwa cheo cha zamani. Huyu ni mfanyakazi ambaye mafunzo yamemwongezea kazi bila kumwongezea chochote kingine.

Walimu wa Uganda: sera, gharama na ulinganisho

Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilipitisha Sera ya Taifa ya Walimu, iliyoelekeza kwamba shahada iwe ndiyo sifa ya chini ya kufundisha. Kwa miongo mingi mwalimu wa shule ya msingi alihitimu kwa cheti cha Daraja la Tatu baada ya mafunzo ya miaka miwili. Sera ilikusudia kuinua hadhi ya kazi ya ualimu na ubora wa masomo. Kwa mwalimu aliye kazini, hata hivyo, ilimaanisha kurudi chuoni, na kwa wengi kwa fedha zao wenyewe, zikitoka katika mshahara wa takribani shilingi laki tano kwa mwezi. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kuitazama shahada kama pambo. Ameitolea karo za watoto wake.

Kisha likaja suala la ulinganisho. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/2023, serikali ilipandisha mishahara ya wanasayansi katika utumishi wa umma. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya sekondari ya serikali alipangiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa historia, lugha au dini, mwenye shahada ya ngazi ileile, alibaki kwenye takribani shilingi milioni moja. Mwezi Juni 2022 Chama cha Kitaifa cha Walimu wa Uganda, UNATU, kiliitisha mgomo. Serikali ilieleza kwamba fedha hazitoshi kuwapandishia wote kwa mara moja na kwamba itaanza na wanasayansi, kwa kuwa inawahitaji kwa ajili ya viwanda na maendeleo. Suala hilo halikwisha. Mwezi Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa na jamii waligoma tena kwa madai yaleyale.

Ili kuelewa uzito wa malalamiko hayo, inafaa kurejea kwa John Stacey Adams, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1963 na 1965 kuhusu haki katika malipo. Adams alisema kwamba mtu hapimi mshahara wake peke yake. Anaweka kwenye mizani anachotoa, kama elimu, miaka ya kazi na jasho, na anachopata. Kisha anaitazama mizani ya mwenzake. Mizani zikitofautiana, huumia, na hutafuta njia ya kuzisawazisha: kudai zaidi, kupunguza juhudi, kubadilisha mtu anayejilinganisha naye, au kuondoka.

Mwalimu wa sanaa hakupunguziwa hata shilingi moja mwaka 2022. Kwa hesabu ya fedha, hali yake ilikuwa ileile ya mwaka uliotangulia. Lakini shahada yake, ambayo jana ilikuwa sawa na ya mwenzake wa fizikia, leo ilikuwa na thamani ya robo yake, na wote wawili walikuwa katika chumba kimoja cha walimu. Hapa ndipo inapoonekana kwamba matarajio ya malipo hayapimwi kwa kiasi pekee. Swali si tu «nalipwa ngapi?» bali pia «elimu yangu inahesabiwaje ikilinganishwa na ya mwenzangu?»

Serikali nayo ina hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wanasayansi ni wachache, na wengi wao huweza kupata kazi yenye malipo bora nje ya shule au nje ya nchi. Soko halilipi shahada zote sawa. Ugumu ni kwamba mantiki ya soko na mantiki ya haki zimekutana katika ajira moja, chini ya mwajiri mmoja, bila ratiba inayoeleweka ya lini upande wa pili utafikiwa.

Semina na posho: mafunzo yanapogeuka kuwa malipo

Kuna aina nyingine ya mafunzo ambayo kila mtumishi wa eneo letu anaifahamu: semina ya siku mbili au tatu hotelini, yenye chai ya saa nne, daftari, kalamu na bahasha ya posho. Pale mshahara ulipo mdogo, posho ya semina huwa sehemu muhimu ya kipato. Matokeo yake ni kwamba nafasi ya kwenda mafunzoni hugawiwa kama fedha. Mkuu wa idara anaweza kujipeleka mwenyewe, au kumpeleka anayempendelea, badala ya mtumishi ambaye kazi yake inahitaji ujuzi huo.

Mazoea haya huharibu pande zote mbili. Aliyekwenda hana sababu ya kutumia alichofundishwa, kwa kuwa alishalipwa kwa kuhudhuria. Aliyebaki ofisini, akifanya kazi ya wawili, hujiona amenyimwa elimu na fedha kwa pamoja. Nayo taasisi inayofadhili huhesabu idadi ya waliohudhuria na kuiita mafanikio. Suluhisho si kufuta posho kwa mtu anayesafiri, kwa sababu nauli, chakula na malazi ni gharama za kweli. La msingi ni kwamba posho ilingane na gharama hizo, na mshahara ubebe kazi ya kuwa mshahara.

Je, mshahara ukipanda, bidii hupanda?

Ikiwa tatizo ni ahadi isiyotimizwa, mtu anaweza kusema jibu ni rahisi: kila anayesoma aongezwe mshahara. Indonesia ilijaribu jambo linalokaribia hilo kwa kiwango kikubwa. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu walimu iliweka utaratibu wa kuwathibitisha walimu, na mwalimu aliyethibitishwa alipewa posho inayolingana na mshahara wake wa msingi. Kwa maneno mengine, mshahara wa msingi uliongezeka maradufu.

Watafiti walichunguza shule 360 nchini humo, wakifanya mpango ili walimu wa shule 120 miongoni mwao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wapate nyongeza hiyo mapema. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 2018. Walimu waliopata nyongeza waliridhika zaidi na kipato chao, walipungukiwa na mzigo wa fedha, na wachache zaidi miongoni mwao walifanya kazi ya pili. Hata hivyo, baada ya miaka miwili hadi mitatu, wanafunzi wao hawakufanya vizuri zaidi katika mitihani kuliko wanafunzi wa shule nyingine.

Matokeo hayo yanakumbusha hoja ya Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, Marekani, alitenganisha mambo yanayoondoa kero na mambo yanayoamsha ari. Mshahara, kwa maelezo yake, uko zaidi katika kundi la kwanza. Ukiwa duni humkera mtu, na ukiwa wa kutosha huiondoa kero hiyo. Ari yenyewe hutokana zaidi na kazi yenye maana, kutambuliwa, kupewa dhamana na kuona maendeleo. Hoja ya Herzberg imepingwa na wengi kwa namna alivyokusanya majibu, na si salama kuitumia kuwaambia wenye njaa kwamba fedha si muhimu. Lakini inasaidia kueleza kwa nini mwalimu wa Indonesia aliacha kulalamika bila kubadilisha ufundishaji wake.

Jirani zetu wa Tanzania wanatoa kipande kingine cha jibu. Katika jaribio lililohusisha shule za msingi 350, lililochapishwa mwaka 2019, baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya vifaa, nyingine ziliwaahidi walimu bonasi kulingana na matokeo ya wanafunzi wa madarasa ya mwanzo, na nyingine zilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo ya mitihani. Shule zilizopata ruzuku pamoja na bonasi ndizo zilizofanya vizuri zaidi, kupita jumla ya athari za kila moja peke yake. Mtu anahitaji nyenzo za kufanyia kazi na sababu ya kuzitumia. Mafunzo ni nyenzo. Yakitolewa bila sababu, hubaki kwenye faili, na sababu ikitolewa bila ujuzi wala vifaa, hubaki kuwa hamu.

Njia mbili za majirani: Rwanda na Kenya

Mwezi Agosti 2022 serikali ya Rwanda ilitangaza nyongeza kubwa ya mishahara ya walimu: asilimia 88 kwa walimu wa shule za msingi wenye cheti cha sekondari ya ualimu, na asilimia 40 kwa walimu wa sekondari wenye stashahada na shahada. Nyongeza hiyo ilipunguza pengo kati ya ngazi za elimu badala ya kulipanua. Ujumbe wake ulikuwa kwamba kila mwalimu, hata asiye na shahada, anastahili kuishi kwa kazi yake. Wakati huohuo, kwa aliyekuwa akisoma ili avuke kutoka ngazi moja hadi nyingine, tofauti aliyokuwa akiilenga ilipungua kwa uwiano.

Kenya ilichukua mwelekeo mwingine. Mkataba wa pamoja kati ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na vyama vya walimu kwa kipindi cha 2017 hadi 2021 ulijengwa juu ya tathmini ya kazi, yaani uzito wa majukumu ya kila cheo. Tume ilisisitiza kwamba shahada ya ziada haimpandishi mwalimu daraja moja kwa moja. Lazima nafasi iwepo, itangazwe na mwalimu aishindanie. Walimu waliokwisha kulipa ada za vyuo vikuu kwa kutegemea utaratibu wa zamani walilalamika kwamba kanuni zimebadilishwa katikati ya safari. Mwaka 2021 Tume ilipozindua mafunzo ya lazima ya maendeleo ya kitaaluma, ambayo walimu wangejigharamia, vyama vilipinga kwa hoja iliyo karibu na hiyo: anayelazimisha mafunzo ndiye alipe.

Kila njia ina mantiki yake. Kulipa kwa shahada ni rahisi kueleweka, lakini huweza kuwafanya watu wakusanye vyeti visivyohusiana na kazi. Kulipa kwa cheo hulinda bajeti, lakini humwacha aliyesoma akisubiri. Kinachoumiza zaidi ari ya kazi, katika mifano yote, ni kubadilisha kanuni kwa mtu ambaye tayari ametumia fedha na miaka yake akiziamini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kwenda mafunzoni

Kwa mfanyakazi anayefikiria kusoma, mifano hii inaelekeza kwenye maswali machache ambayo ni vema yajibiwe mapema, na ikiwezekana kwa maandishi.

Kwanza, je, ujuzi huu unatambulika nje ya mahali ninapofanya kazi? Kama ndiyo, una thamani hata mwajiri wa sasa asipoongeza mshahara. Kama sivyo, ni haki mwajiri abebe gharama yake.

Pili, je, cheo ninachokilenga kipo katika muundo wa taasisi, na kina bajeti? Afisa utumishi wa wilaya au wa kampuni anaweza kulijibu swali hili, na jibu lake ni muhimu kuliko maneno ya kutia moyo ya mkuu wa idara.

Tatu, je, nitatakiwa kusaini mkataba wa kurudi na kutumikia kwa muda fulani? Mikataba hiyo ni ya kawaida pale mwajiri anapolipa ada, na mara nyingi humtaka anayeondoka mapema arudishe gharama. Inafaa kuisoma yote, na kuuliza kama upande wa mwajiri nao unaahidi chochote.

Nne, nikirudi, kazi yangu itabadilika? Mtu aliyejifunza kutumia mashine ya maabara na kurudi mahali pasipo na mashine hiyo atausahau ujuzi wake kabla mshahara wake haujajadiliwa.

Kwa upande wa mwajiri, wajibu mkubwa hauhitaji fedha. Ni kusema ukweli kabla ya safari ya masomo kuanza: kama nyongeza ipo, itatolewa lini na kwa masharti gani, kama haipo, ni nini kitakachobadilika badala yake. Mwajiri asiyeweza kupandisha mshahara anaweza kumpa aliyefunzwa dhamana inayolingana na ujuzi wake, kulitaja jina lake mbele ya wenzake na kumpa nafasi ya kuwafundisha. Hayo hayachukui nafasi ya malipo ya haki, na yasitumike kuyakwepa. Lakini mfanyakazi aliyeambiwa wazi kwamba hakuna nyongeza mwaka huu, akachagua kusoma hata hivyo, hurudi akiwa mtu tofauti na yule aliyesubiri miaka mitatu jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa.

Kwa serikali za eneo hili, ambazo kwa pamoja ndizo mwajiri mkubwa wa walimu na wauguzi, suala hili haliwezi kubaki la idara moja. Wizara ya elimu inapopandisha sifa za kazi, wizara ya fedha inapaswa kuwa imekwisha kuhesabu gharama ya sifa hizo, na tume za utumishi ziwe zimetayarisha vyeo. Sera inayomtaka mwalimu awe na shahada bila kuonesha shahada hiyo italipwaje imempa mwalimu bili, na ikamwachia yeye kukisia jibu. Walimu wa Uganda wanaohudhuria masomo ya likizo mwaka huu wanaendelea kulipa ada kwa kukisia hivyo.